Mlio Tulioudhani ni Dawa

Sindano ilikuwa kila asubuhi, leo upande wa kushoto, kesho upande wa kulia, na mpaka sasa nikiona benchi la mbao nakaa kwanza kwa shaka, kama mtu anayejaribu joto la maji kwa kidole. Nilikuwa na kifua kikuu. Nasema mapema ili msomaji asisumbuke: nimepona. Kifua changu ni kizima, na masikio yangu, ambayo ndiyo sababu ya maandishi haya, nimebaki nayo kwa sehemu kubwa. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii ameanza kudungwa sindano zile zile, akasikia kitu kikilia ndani ya kichwa chake, na ameamua kunyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Naitwa Kulwa. Pacha wangu ni Doto, msichana kama mimi, na kwa majina hayo Msukuma yeyote anajua nani alitangulia kuzaliwa. Doto alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza, kwenye mashine za kufuma. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji cha ujamaa upande wa Magu. Mchana nilifundisha, jioni niliandika hadithi, na Jumamosi nikipata lifti ya lori nilikuja mjini kukaa na vijana wenzangu wapenda maandishi katika chumba cha nyuma cha jumba la maendeleo. Tulisomeana kazi zetu kwa sauti. Nilipenda kusikiliza kuliko kusoma. Hadithi zangu zote zilitoka masikioni: mama akibishana bei ya furu, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni, wazee wakihesabu majina ya ng'ombe, watoto wakigombana kisimani. Sikuwahi kubuni neno ambalo sikulisikia kwanza kwa mtu.

Kikohozi kilianza wakati wa kuvuna pamba. Kijiji kizima kilikohoa msimu ule kwa vumbi, nami nikakohoa na kijiji. Mavuno yakaisha, wenzangu wakanyamaza, mimi nikaendelea. Nguo zikanipwaya. Siku niliyotema damu kwenye leso mbele ya darasa, mwalimu mkuu hakuuliza mengi; alinitafutia nafasi kwenye lori la marobota ya pamba, nikarudi kwa mama, huko Mkuyuni mjini.

Mama alipoiona leso alikaa chini. Ugonjwa huu aliufahamu. Baba yetu aliupata tulipokuwa wadogo, akaanza sindano, akapata nafuu, akaona amepona, akarudi kwa ng'ombe wake kabla daktari hajamruhusu. Hakuuona msimu mwingine wa kulima. Tangu hapo mama alikuwa na imani moja tu kuhusu hospitali: sindano ukiianza, uimalize.

Basi tukaanza. Kiangazi kilikuwa mwishoni, mawe ya Mwanza yana joto tangu asubuhi. Sisi wa sindano tulikaa kwenye veranda ndefu ya hospitali inayotazama ziwa, tukisikia bomba za kioo zikigongana ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hakuna aliyependa kusema anaumwa nini. Tuliita ugonjwa wetu “kifua” tu. Lakini veranda ile ilikuwa na huruma zake. Mzee mmoja kutoka Ukerewe, aliyefika mapema kuliko sote, alikuwa akiniachia mahali pake penye jua bila kusema kitu, anasogea kivulini na kujifunika koti. Muuguzi wa sindano alikuwa na mkono mwepesi, na kila asubuhi, kabla hajachoma, alimwuliza kila mtu swali lile lile: kuna shida yoyote mpya? Nami nilijibu kama wengine wote walivyojibu, hakuna, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alitaka kurudi kwake.

Nguvu zilianza kurudi. Damu ilikoma. Nikaanza kula michembe ya mama, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaomba kuongezewa. Halafu zikaja mvua za kwanza, na pamoja nazo ukaja mlio.

Ulikuwa mwembamba, wa juu, kama waya uliovutwa kutoka sikio moja hadi jingine na mtu anaupigapiga kwa kucha. Haukuuma. Ulikuwepo nikila, ulikuwepo nikisali. Nilimwambia mama asubuhi moja akiwa anawasha moto.

“Masikio yanalia, mama.”

“Yote mawili?”

“Yote mawili.”

Aliinuka, akanishika shavu kwa mkono wenye majivu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nirudi. “Basi imeingia,” akasema.

Msomaji wa kandokando ya ziwa hahitaji kuelezwa alichomaanisha. Sisi tumekua na homa ya malaria kama tulivyokua na samaki. Tangu utotoni tumemeza kwinini na kuchomwa kwinini, na kila mtoto wa huku anajua kwamba kwinini ikishika, masikio hulia. Yasipolia, bibi atasema dawa ni hafifu. Yakilia, wanakupikia uji, wanajua homa inafungasha. Kwetu mlio ule ulikuwa habari njema. Kwa hiyo mama aliposikia masikio ya binti yake yanalia kwa sindano ya kifua, alifurahi, na mimi, mwalimu niliyesomea chuo, nilifurahi naye. Mchana ule alinunua furu wanono akanichemshia na nyanya. Kesho yake muuguzi aliuliza kama kuna shida yoyote mpya. Nikasema hakuna, tena kwa uchangamfu, maana kwangu haikuwa shida.

Baada ya mlio kukaja kuyumba. Nilitembea kama mtu aliyeshuka sasa hivi kutoka melini, ardhi bado inampandisha na kumshusha. Nikitazama kibao cha duka la ushirika huku natembea, herufi zilirukaruka, nikisimama zilitulia. Nilijifunza kupita karibu na kuta. Kwetu Usukumani binti akimsalimia mkubwa hupiga goti, hata kama ni kidogo tu, na siku moja nilikutana njiani na Mzee Masanja, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu anayejua kila kinachopikwa katika kila chungu cha mtaa. Nikasema shikamoo, nikapiga goti, na goti halikupata ardhi pale nilipoitarajia. Nilianguka ubavu, kapu la mboga likamwagika juu ya viatu vyake. Aliniinua. Aliniuliza jambo, nikatabasamu bila kuelewa, nikaenda zangu nikishika ukuta.

Jioni ile ile alikuja kwa mama na heshima zake zote. Alizungumzia mvua, akazungumzia foleni ya sukari, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba pombe ya kienyeji siku hizi inauzwa hata kwa mabinti, na kwamba mwalimu ni kioo cha jamii. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba binti yake anachomwa dawa inayotosha kumwangusha ng'ombe, na kama balozi anataka kujua inalewesha kiasi gani, aende veranda kesho asubuhi avue suruali naye achomwe. Haya yote nilisimuliwa na Doto baadaye. Nilikuwa nimekaa pale pale, na sikusikia.

Ndiyo, sikusikia, na bado sikujua kwamba sisikii. Hili ndilo gumu kulieleza kwa mtu ambaye halijampata. Uziwi haukuja kama mlango unaofungwa. Ulikuja kama watu wanaoondoka sherehe mmoja mmoja, hakuna anayeaga, na wewe unaendelea kucheza. Nyenje walinyamaza kwanza; nikadhani mvua imewafukuza. Vyura niliwasikia, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kisha maneno yakaanza kunifikia bila meno: sauti ya mtu naisikia, uzito wake nausikia, lakini makali yanayotenga neno na neno yamefutika. Jumamosi kwenye kikundi chetu rafiki mmoja alisoma hadithi yake, wote wakacheka, nikacheka nyuma yao kidogo. Niliona wananitazama. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba amesoma vibaya.

Nyumbani palianza kuwa na ukali. Mama aliniita nisiitike, akaona nimekuwa na kiburi cha mgonjwa. Nilimwambia apunguze kunung'unika, akasema hakunung'unika, ameongea. Mkwe wa jirani alinisalimia kisimani nikampita kama mti, na habari ikazunguka kwamba mwalimu hasalimii watu. Kwetu hilo ni kosa kubwa. Mtu anaweza kukosa chumvi, lakini salamu?

Aliyelifumbua ni Doto. Jumapili moja mchana, mvua imekatika, tulikuwa uani. Yeye anapepeta mchele, mimi nachambua mbegu za mboga mbele yake, mama amekaa pembeni anashona kanga iliyochanika. Tulizungumza mambo ya kawaida. Nilimwuliza kuhusu msimamizi wao wa zamu, akanisimulia, nikacheka mahali panapostahili. Kisha akaniuliza nani amenisuka nywele vizuri hivi.

“Mama,” nikajibu. “Jana.”

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye kanga. “Unamjibu nani?”

“Doto. Ameniuliza nywele.”

“Doto hajasema kitu.”

Nilimgeukia pacha wangu. Ungo ulikuwa umetulia mikononi mwake. Akasema tena, na safari hii alinigusa goti kwanza ili nimtazame: kule kiwandani mashine zinapokuwa zinanguruma hakuna sauti inayofika, kwa hiyo wanawake wote huzungumza kwa midomo tu, bila kutoa pumzi, na anayekaa miezi michache huzoea kusoma midomo ya wenzake. Wiki nzima alikuwa ameona macho yangu yanashuka kutoka machoni pake kwenda mdomoni, kama macho ya wenzake wa zamu. Leo alijaribu. Alikuwa amepunguza sauti kidogo kidogo tangu mwanzo wa mazungumzo, na swali la mwisho halikuwa na sauti kabisa.

“Unanitazama mdomo kama tuko kwenye mashine,” akasema. “Kulwa, hapa hakuna mashine.”

Nakumbuka mchele, jinsi ulivyokuwa mweupe kwenye ungo, na kwamba nilijaribu kuusikia ukianguka wakati Doto aliporusha tena, na ulianguka kama manyoya.

Walianza kubishana hapo hapo, na kwa kuwa sasa nilijua ninavyosikia, niliwatazama midomo wote wawili waziwazi, kichwa kikienda huku na huku. Doto alisema pale kiwandani kuna mama wa makamo walioacha masikio yao kwenye mashine, na kila mmoja atakwambia yalianza kwa kulia. Twende hospitali kesho tukaseme. Mama alisema tukisema wataacha sindano. Doto akasema ndiyo, na waache.

“Baba yenu aliacha,” mama akasema.

“Baba aliacha mwenyewe. Hakumwuliza mtu.”

“Nataka mtoto aliye hai. Akiwa kiziwi nitamwita kwa mkono.”

Alisema hivyo bila kulia, huku sindano ya kushonea imemganda vidoleni, na nilielewa kwamba alikuwa amelipima jambo hili tangu zamani, labda tangu siku ya balozi, na ameshachagua. Alikuwa tayari kulipa kwa masikio yangu. Sikuweza kumlaumu. Hata mimi nilikuwa naogopa kifo kuliko ukimya. Lakini nilipofikiria darasa langu, watoto wananyoosha mikono na midomo inafunguka na kufungwa kama samaki, na kalamu yangu isiyo na mtu wa kumsikiliza, nilihisi kwamba kuna kifo kingine kidogo hapo, nacho nilikuwa nakielekea kila asubuhi kwa miguu yangu.

“Navitaka vyote viwili,” nikasema. “Kifua na masikio. Twende tukaulize kama inawezekana.”

Mama alimaliza kushona. Alikata uzi kwa meno. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuvaa.

Daktari alikuwa kijana wa Kihaya mwenye sauti ya upole, ambayo kwangu ilikuwa bahati mbaya. Alimwamkia mama shikamoo, akamwekea kiti. Mama ndiye aliyeeleza, na alieleza yote: mlio ulioanza na mvua za kwanza, kwinini, furu wa kunipongeza, goti lililokosa ardhi. Daktari aliacha kuandika.

“Mama,” akasema, akigeuka ili nami nimwone, “kwinini ikimaliza kazi, mlio hunyamaza. Sindano hii ikilia masikioni, inaondoka na kitu.”

Mama alimwuliza kwa ufupi: ukimwondolea sindano, atakufa? Daktari alisema hapana. Kuna vidonge vingine, vinachukua muda mrefu zaidi na vitanichafua tumbo, lakini kifua hakitaachwa hata siku moja. Ila alitaka tujue jambo moja. Dawa ile ikishaingia ndani ya sikio hukaa. Masikio yanaweza kuendelea kupungua hata baada ya sindano ya mwisho. Kilichokwisha kuondoka hakitarudi. Kilichobaki, tutangoja tuone kama kitabaki.

Kisha akanipima. Alisimama nyuma yangu, mbali kidogo, akaniagiza nizibe sikio moja na kurudia kila neno atakalonong'ona. Sikio la kushoto nilirudia baadhi. La kulia nilikaa nikingoja aanze, mpaka nilipomwona mama usoni nikajua ameshamaliza.

Siwezi kusema miezi iliyofuata ilikuwa rahisi. Vidonge vilinitapisha mpaka nikachukia rangi yake. Kila asubuhi nikiamka nilijipima kabla sijafungua macho: jogoo yupo? Ufagio wa mama upo? Masika yalipozidi nililala nikisikiliza mvua kwenye mabati, sauti ya chini na nene, nikamshukuru Mungu kwa kila kishindo, na papo hapo nikiogopa kwamba labda leo ni hafifu kuliko jana. Doto akitoka zamu alinipeleka ufukweni kutembea kwenye mchanga, yeye mbele, mimi nyuma bila kushika kitu, mpaka miguu ilipojifunza upya kazi ambayo masikio yalikuwa yanaifanya kwa siri. Wadudu wa ziwani walipanda kama moshi juu ya maji, na watoto walitucheka kwamba tunacheza gwaride. Tukapiga gwaride kweli.

Na mama alibadilika. Sijui nani alimfundisha. Aliacha kuniita kutoka jikoni. Alikuja mbele yangu, akanigusa bega, akangoja nimtazame, ndipo akasema, na hakuongeza sauti, alipunguza haraka. Aliwaeleza majirani wote wafanye hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, akianza na ya balozi. Mzee Masanja alikuja na kuku. Nilipoinuka kumsalimia aliniwahi kwa mkono.

“Usipige goti, mwalimu,” akasema, akifungua mdomo wazi kama anayemsomea mtoto. “Mboga zenyewe ziko wapi za kumwaga?”

Tulicheka mpaka mama akaleta maji ya kunywa.

Wewe uliye kwenye veranda sasa, nisikilize kama mtu anayekugusa bega. Ukisikia mlio, useme siku hiyo hiyo, kwa muuguzi, si kwa jirani. Ukiona unatazama midomo, ukiona watu wamekuwa wanung'unikaji, ukiona unachelewa kucheka, useme. Usiache sindano mwenyewe. Ukiiacha kimyakimya utakufa kama baba yangu. Sema, wao ndio wabadilishe. Daktari aliniambia kwamba ningesema mvua za kwanza zilipoanza, pengine nyenje ningekuwa nao mpaka leo. Na kama una mtoto asiyegeuka ukimwita, au mwenye sikio linalotoa usaha ukingoja likauke lenyewe, mpeleke kabla hajaitwa mkaidi darasani. Nimewafundisha wakaidi wengi. Sasa nikirudi nitawaweka mbele kwanza, kabla ya kuwaita jina lolote.

Niliitwa kwa kipimo cha mwisho wakati pamba imeanza kupasuka tena mashambani. Kifua kilikuwa kimeshapigwa picha na kuonekana safi. Mama alikuja nami, akakaa karibu na dirisha na mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili. Daktari alisimama nyuma yangu pale pale. Nikaziba sikio la kulia.

“Samaki,” akanong'ona. Nikasema samaki.

“Kisima.” Kisima.

“Shati.” Hili nililifikiria. Shati.

Nikabadilisha mkono. Upande wa kulia maneno yalikuja kutoka mbali, kama mtu anayezungumza ng'ambo ya ghuba, lakini yalikuja. Moja nililikosa. Lililofuata nikalipata. Daktari alinyamaza, nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi, na kusikia kalamu tu kukanitia joto machoni. Masikio hayakuwa yamepungua zaidi. Kilichobaki kilikuwa kimebaki.

Akanong'ona tena.

“Nenda nyumbani,” nikarudia vizuri, neno kwa neno, nikakaa wima na mkono sikioni, nikingoja lifuatalo.

Halikuja. Niliona mama ameinuka, machozi yanamtoka na anacheka, mkoba umeanguka chini na hajauokota.

“Kulwa,” akasema, “umeambiwa twende.”